Risala ya Wavuvi, Wachuuzi wa Samaki na Wakulima wa Hombolo Kuhusu Maji Yanayoishiwa Hewa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa Wabunge na Madiwani,
Wataalamu wa maji, mazingira na uvuvi,
Viongozi wa dini, wazee wetu, ndugu wananchi,

 

Sisi tunaosoma risala hii ni wavuvi wa Bwawa hili la Hombolo, akina mama wanaonunua samaki mwaloni na kuwapeleka Majengo na masoko mengine ya Jiji la Dodoma, na wakulima wa zabibu na mbogamboga wanaomwagilia kwa maji haya. Wenzetu wa Bwawa la Mtera na wa Bahi wametutumia maneno yao, tumeyaingiza humu. Malalamiko yetu ni mengi, lakini yote yana mzizi mmoja. Nyavu zetu zinapimwa kwa rula kila mara, ila maji tunayovulia hayapimwi saa ile samaki wanapoishiwa hewa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, samaki anavuta oksijeni kama sisi, isipokuwa yake imeyeyuka ndani ya maji, na ni kidogo. Maji yasiyo na chumvi yenye joto la nyuzi 25, yakiwa usawa wa bahari, yanabeba takriban miligramu 8.2 za oksijeni kwa kila lita. Hapa uwandani tuko juu zaidi ya mita 1,000, kanieneo ya hewa ni ndogo, kwa hiyo maji ya joto hilohilo, hata yawe safi kiasi gani, kwa kawaida hayafiki 7.5. Joto likizidi, kiasi hicho kinashuka tena. Wataalamu wanasema yakishuka chini ya miligramu 2, samaki wengi hawawezi kuishi humo. Maana yake sisi wa nyanda za kati tunaanza na akiba ndogo kuliko wenzetu wa pwani, na kila uchafu unaoingia unaila akiba hiyo.

Namna inavyoliwa tunaijua kwa macho. Kinyesi, majitaka na mbolea zinazosombwa kutoka mashambani vinalisha ukijani, maji yanageuka rangi. Mchana, jua likiwaka, ukijani ule unatengeneza oksijeni. Jua likizama, nao unaivuta, na chini kwenye tope bakteria wanaoozesha uchafu wanaivuta pia, mpaka kunapambazuka. Usiku bwawa linakuwa kama chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa ndani: waliolala humo wanaishiwa hewa bila kelele.

Ukitaka kuona, njoo saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Oktoba au Novemba, maji yakiwa yamepungua na upepo umelala. Perege wanapanda juu, wanasimama vichwa juu na mikia chini, midomo inafunguka na kufungana kwenye utando wa juu wa maji. Hawakimbii mtumbwi. Ukinyoosha mkono unawagusa mgongo. Jua likishapanda na kivumo cha upepo kikaanza, wanazama tena, na mtu aliyefika saa tatu haoni chochote.

Dalili ya pili iko ndani ya wavu. Kambale ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya nje, ndiyo sababu anaishi hata kwenye dimbwi la tope. Perege hana kiungo hicho. Wavu ukianza kutoa kambale peke yake siku baada ya siku, mvuvi mzee haulizi tena maji yana nini. Kwa mama anayekaanga samaki hilo ni pigo la mfukoni moja kwa moja, maana wateja wake Wasabato hawagusi samaki asiye na magamba, na wengine wengi wanataka perege au hawanunui. Mtaji wake ni wa mkopo wa kikundi, na marejesho ya wiki hayaangalii samaki gani ametoka.

Sasa tuseme linalotuuma zaidi. Samaki wakipungua, wa kwanza kushukiwa ni mvuvi. Doria inakuja, nyavu zinanyooshwa chini, tundu linapimwa, na wavu wenye kasoro unachomwa mbele ya mwenye nao. Hatuipingi Sheria ya Uvuvi ya 2003. Kokoro linamaliza vifaranga, na vijana wetu wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) wamelikamata mara nyingi kabla doria haijafika. Lakini haki haipo pale anayechota samaki anapimwa na anayemwaga uchafu hapimwi. Mvuvi ana sura, ana mtumbwi wenye namba, anapatikana. Maji yanayoshuka usiku kutoka kwenye korongo hayana namba.

Yako magari ya kunyonya vyoo yanayomwaga makorongoni. Hatutaji ya nani, kwa sababu hatukuja kumshitaki mtu mmoja, na kwa sababu tulipokwenda kutoa taarifa tuliambiwa tulete picha yenye namba ya gari. Saa nane usiku, porini, kwa simu ya kitochi.

Wataalamu nao wamekuja, na tunawaheshimu. Lakini mara nyingi wanafika wakati wa kufika kwa gari la ofisi, yaani saa tano au saa sita mchana. Wanatumbukiza kifaa pembeni, kwenye maji ya kina cha goti, wanaandika, wanaondoka. Saa sita mchana, kwenye maji ya juu yenye ukijani, kifaa kitasoma vizuri tu. Saa ile oksijeni imekwishapanda mbali na ilivyokuwa alfajiri. Kipimo kile si cha uongo, ila hakikuchukuliwa saa ya shida wala kina cha shida. Na hata hicho, majibu yake hatujawahi kubandikiwa ukutani. Yanakwenda kwenye faili, sisi tunabaki na maneno kwamba maji yako ndani ya viwango.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Hombolo lilijengwa mwaka 1957, wakati Dodoma ni mji mdogo wa reli na mnada. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ni wa mwaka 1973, utekelezaji ukapata kasi Julai 2016, na Aprili 2018 tukawa jiji. Sensa ya 2012 iliwahesabu wakazi 410,956 katika eneo la jiji hili. Sensa ya 2022 ikawakuta 765,179. Tumefurahi. Barabara zimekuja, wateja wa samaki na zabibu wamekuja. Lakini watu wote hao wanakwenda chooni, na sehemu kubwa ya mji haijaungwa kwenye mtandao wa majitaka. Ni mashimo na makaro, yakijaa yananyonywa. Mvua za hapa zinaanza Desemba na kuisha Aprili, na miezi yote iliyobaki uchafu unakaa kwenye mabonde makavu ukisubiri. Mvua ya kwanza ikinyesha, miezi saba ya uchafu inashuka siku moja kwenye mto Kinyasungwe Ndogo na kuingia bwawani. Maji yale ya mwanzo, mekundu, yenye povu, ndiyo tunayoyaogopa kuliko ukame wenyewe.

Tumeambiwa mara kadhaa kwamba mambo ya oksijeni ya maji ni ya watu wa bahari, na kwamba Dodoma haina bahari. Tunaomba ramani ifunguliwe mezani. Kinyasungwe inatoka hapa, inapita Gulwe, Godegode na Kidete, inaungana na Mkondoa, inafika Kilosa, inaingia Wami na kumwaga maji baharini Saadani. Ni maji hayahaya yaliyovunja reli ya kati baina ya Gulwe na Kilosa mwishoni mwa 2009 na Januari 2010. Kama yana nguvu ya kung'oa reli, yana nguvu ya kubeba tope na virutubisho hadi kwenye mikoko ambako kamba wanakulia. Wenzetu wa Mtera wako kwenye Ruaha Mkuu, inayokwenda Rufiji na kutokea mkabala na Mafia. Ni wenzetu wa Bahi pekee, kwa mto Bubu, ambao maji yao hayaendi baharini, na kwa sababu hiyo kila kinachoingia kwao hakitoki.

Huko maji yanakoishia, hali nayo si njema. Vipimo vya dunia nzima vinaonyesha kwamba kati ya 1960 na 2010 bahari ilipoteza zaidi ya asilimia 2 ya oksijeni yake. Mwaka 2008 wanasayansi walihesabu zaidi ya maeneo 400 ya pwani yaliyokuwa yakikosa hewa kwa sababu ya virutubisho kutoka nchi kavu. Mwaka 2018 vyombo vinavyojiendesha chini ya maji vilikuta sehemu kubwa ya Ghuba ya Oman ikiwa karibu haina oksijeni kabisa, na pepo zetu za kusi na kaskazi zinavuma kwenye bahari hiyohiyo. Sababu kubwa zimetajwa, nazo ni joto linaloongezeka na uchafu unaotoka bara. La kwanza liko juu ya uwezo wa Hombolo. La pili linaanzia kwenye makorongo haya.

Tusiende mbali. Katika Ziwa Victoria, wataalamu walipolinganisha vipimo vya 1960 na 1961 na vile vya karibu miaka thelathini baadaye, waliona maji ya chini yamekosa oksijeni kwa eneo kubwa zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa samaki wa vizimba upande wa Kisumu waliamka wakakuta samaki wao wanaelea kwa wingi, na upungufu wa oksijeni ukatajwa kuwa chanzo. Walichopoteza ni mitaji yao.

Na mwezi Machi mwaka huohuo 2022, mkoani Mara, maji ya Mto Mara yalibadilika kuwa meusi, yakanuka, samaki wakafa. Serikali iliunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele. Kamati ikaeleza kwamba kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza vilishusha oksijeni. Wananchi wengi hawakukubali, wengi wakaelekeza macho migodini, na mjadala ukawa mkali nchi nzima. Sisi wa Hombolo si waamuzi wa kesi ile. Tunachokiona ni kwamba mabishano yale yangekuwa mafupi sana kama mtoni kungekuwa na vipima vilivyokuwa vikirekodi oksijeni usiku na mchana tangu kabla ya maji kugeuka rangi, na kila mtu anaweza kuvisoma. Upande wa juu wa mto huohuo, nchini Kenya, watafiti walifanya hivyo. Mwaka 2018 walichapisha matokeo yanayoonyesha kinyesi cha viboko kikirundikana kwenye madimbwi wakati wa kiangazi, kisha mvua ikikisukuma chini, oksijeni inaporomoka na samaki wanakufa. Walijua siku na saa. Kwetu hapa viboko si tatizo, lakini mwendo ni uleule: kurundikana kiangazi, kusukumwa na mvua ya kwanza. Hatutaki kusubiri asubuhi ya maji meusi ndipo iundwe kamati.

Kwa hayo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunadai yafuatayo, na tunatumia neno tunadai kwa heshima zote.

Tunadai vipima vya oksijeni viwekwe ndani ya Bwawa la Hombolo na viachwe humo. Kimoja kikae karibu na ukuta, kisome juu na chini; kingine mahali Kinyasungwe Ndogo inapoingilia. Virekodi saa zote ishirini na nne. Vingine viwekwe Mtera, Bahi, kwenye daraja la Wami na mlangoni mwa mto huko Saadani, ili atakayetaka kujua uchafu umeishia wapi aufuate kwa namba. Tunajua bajeti ina foleni. Wakati vya kudumu vinasubiri, BMU ipewe kipimo cha mkononi, vijana wawili wafundishwe kukitumia na kukisafisha, wapime saa kumi na moja alfajiri. Hilo halihitaji gari wala posho ya safari, wavuvi tayari wako majini saa hiyo.

Majibu yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata na mwaloni kila wiki, kwa Kiswahili, namba moja kwa kila siku. Mvuvi akiona inashuka kuelekea 3, atajua asitupe wavu wala asiweke kizimba. Mkulima atajua maji yameoza kabla hajayapandisha kwenye mabomba ya matone ya zabibu.

Juu ya majitaka, hapa tunaomba uvumilivu wako kidogo kwa sababu ndiko kwenye kiini. Viwango vya taifa vinataka majitaka yaliyosafishwa yasihitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita ili uchafu wake uoze, kipimo kinachoitwa BOD. Kiwango ni kizuri. Kinachokosekana ni mtu wa kukipima kila mwezi mahali maji yanapotokea, na kutuonyesha. Tunadai kila mwenye kibali cha kumwaga majitaka kwenye bonde hili, awe wa serikali au binafsi, vipimo vyake vitangazwe. Kila gari la kunyonya vyoo lipewe namba kubwa inayosomeka gizani na stakabadhi mbili: moja ya mahali liliponyonya, moja ya mahali lilipomwaga. Ikikosekana ya pili, dereva na mwenye gari wajibu. Tena ada ya kumwaga kwenye mabwawa halali ya majitaka iwe ndogo kiasi kwamba korongo halitamshawishi mtu. Na taarifa ya raia ipokelewe bila sharti la picha, kwa sababu kuchunguza ni kazi ya mwenye mamlaka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Tunadai mita hizo zionyeshwe ardhini kwa nguzo. Maji ya bwawa hili yanapanda na kushuka, na kila mwaka ukingo unahama, ndiyo maana mkulima mmoja anaambiwa yuko nje na mwaka unaofuata anaambiwa yuko ndani. Wenye mashamba ndani ya mpaka wamekwishakubaliana katika mkutano wetu kwamba nguzo zikisimamishwa watatoka baada ya kuvuna. Wanaomba wapewe miche ya miti na majani ya kushika udongo wapande wao wenyewe kwenye eneo watakaloliacha. Wafugaji nao wajengewe mabirika nje ya mpaka, ng'ombe wanyweshwe bila kuingia majini na kuacha kinyesi humo.

Wenzetu wa Mtera wana dai lao. Bwawa lile linaendeshwa kati ya mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari, na likishuka, maji yanayobaki yana joto na tope. Wanaelewa kwamba umeme wa taifa unawahusu na wao. Wanachoomba ni kutangaziwa siku kadhaa kabla maji hayajapunguzwa kwa kasi, na oksijeni ipimwe chini ya ukuta kila yanapofunguliwa, kwa kuwa maji ya chini ya bwawa lenye kina kirefu mara nyingi ndiyo yenye hewa kidogo. Utaratibu huohuo uwekwe kwenye Bwawa la Julius Nyerere, ambalo liko kwenye njia ya maji hayohayo kuelekea delta ya Rufiji.

Ikitokea oksijeni imeshuka hadi uvuvi ukasimamishwa, ushuru na ada za leseni za miezi hiyo zisitozwe, na vikundi vya akina mama viongezewe muda wa marejesho. Mchuuzi asilipe faini ya uchafu ambao hakuumwaga.

Mwisho, Wizara ya Maji, Wizara ya Mifugo na Uvuvi, mamlaka za mazingira na TAMISEMI zote zina ofisi katika jiji hili. Tunaomba wakae meza moja na wavuvi wa Hombolo na wa Saadani, siku moja, wakiwa na ramani ya mto mmoja. Mipango ya uchumi wa buluu inapoandikwa, mikoa ambayo mito yake inaishia baharini ihesabiwe ndani yake, Dodoma ikiwemo.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla ya mvua za Desemba. Yabandikwe ofisi ya kata, na yaseme ni dai lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini, na nani atatafutwa kwa lile lililokubaliwa. Kwa upande wetu tumekwishachagua vijana wawili watakaopima, mmoja mvulana na mmoja msichana, wote wamemaliza kidato cha nne na wote wanajua kupiga kasia.

Tunaomba kuwasilisha.

Sisi wavuvi, wachuuzi na wakulima,
Hombolo, Dodoma